Makala sita za majaribio: shajara ya kujifunza kutafuta katika hifadhidata za maktaba

Siku ya 1

Mradi huu nimeupa siku thelathini na lengo moja: niweze kuketi mbele ya hifadhidata yoyote ya utafiti ambayo maktaba imeilipia au iliyo huru kwa wote, niandike swali langu kwa namna ambayo mashine italifanyia kazi, kisha niweze kumweleza mtu mwingine kwa nini nimepata nilichopata na kwa nini nimekosa nilichokosa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi. Hadi leo nimekuwa nikiandika maneno mawili matatu kwenye Google Scholar, nafungua matokeo ya ukurasa wa kwanza, na nikichoka nahitimisha kwamba jambo hilo halijatafitiwa.

Swali la mazoezi ni hili: je, wanafunzi wa umri wa ujana wanaolala muda mfupi usiku hupungukiwa na uwezo wa kukumbuka walichojifunza? Nimelichagua kwa sababu linagusa afya, saikolojia na elimu kwa pamoja, na kwa hiyo litanilazimisha kutoka nje ya hifadhidata moja.

Jaribio la leo lilikuwa la aibu kidogo. Niliandika swali zima kwa Kiingereza, kwa kuwa rekodi nyingi za hifadhidata hizi zimeandikwa kwa lugha hiyo, nikaliweka katika kisanduku cha kutafutia cha hifadhidata mojawapo ya kulipia, nikabonyeza, na sikupata hata tokeo moja. Nilipobakiza maneno mawili tu, usingizi na kumbukumbu, yalikuja maelfu kwa maelfu, yakiwemo ya panya na ya nzi wa matunda. Kati ya sifuri na maelfu sikuwa na njia ya kusimama katikati.

Siku ya 2

Nilikwenda kwa mkutubi nikitarajia anifundishe vitufe. Badala yake aliniuliza, «Una makala ngapi ambazo tayari unajua kwamba zinajibu swali lako?» Nikamjibu kwamba ninazo sita, ambazo nilizikusanya muda mrefu uliopita kutoka kwenye orodha za marejeleo za vitabu viwili. «Basi hizo ndizo mizani yako,» akasema. «Usizitafute kwa majina yake. Tafuta mada, halafu uone utafutaji wako umezinasa ngapi. Ukikosa zile unazozijua, fikiria ni ngapi unazikosa bila kujua.»

Nimeziandika kwenye karatasi kwa namba, ya kwanza hadi ya sita, na kuanzia leo kila kipengele cha shajara hii kitaishia na alama. Utafutaji wangu wa maneno mawili, pamoja na neno la wanafunzi, ulinasa mbili katika kurasa zote nilizozichungulia. Alama: 2 kati ya 6.

Siku ya 4

Siku mbili nimezitumia kwa viunganishi vitatu, AND, OR na NOT, ambavyo mantiki yake inatokana na kazi za George Boole, mwanahisabati wa Uingereza aliyeishi kati ya 1815 na 1864. Nilidhani navijua. Kinachopotosha ni kwamba vinafanya kinyume na masikio yetu: katika mazungumzo, mtu akiomba vitabu na kalamu huondoka na vitu vingi zaidi, lakini katika hifadhidata AND hupunguza, kwa kuwa inadai rekodi iwe na maneno yote mawili, ilhali OR huongeza, kwa kuwa inaridhika na lolote kati yake.

Mkutubi alinishauri nilivunje swali katika dhana, si katika maneno. Dhana zangu ni tatu: upungufu wa usingizi, kumbukumbu, na vijana wa shule. Ndani ya kila dhana naunganisha visawe kwa OR, na kati ya dhana na dhana naweka AND. Mstari wa kwanza niliouridhia katika PubMed, hifadhidata huru ya makala za tiba na afya, ulikuwa huu:

("sleep deprivation" OR "sleep loss" OR "insufficient sleep") AND (memory OR recall) AND (adolescents OR teenagers OR students)

Alama za kunukuu zinafanya maneno mawili yatafutwe kama kifungu kimoja. Mabano yana kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Nilipoyaondoa kwa majaribio, matokeo yalifurika, kwa sababu PubMed husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia, na ule OR wa mwisho ukawa umeongeza kila rekodi inayowataja wanafunzi, hata ile isiyo na habari yoyote ya usingizi. Kwa mabano: 3 kati ya 6.

Siku ya 5

Leo nimejifunza kinyota, na kinyota kimenifundisha unyenyekevu. Ukikiweka mwishoni mwa shina la neno, hifadhidata hutafuta maneno yote yanayoanza na shina hilo, hivyo adolescen* hunasa kijana, vijana na ujana kwa mara moja. Nikafurahi, nikaandika pia memor* ili nipate kila umbo la neno la kumbukumbu.

Katika matokeo zikaanza kujitokeza makala za saratani. Nilifungua moja, nikaisoma ikisiri yake mara mbili, sikuona neno kumbukumbu popote. Nikashuka hadi mahali panapoonyesha waandishi wanakofanya kazi, na hapo nikaliona: hospitali yenye neno Memorial katika jina lake. Nilikuwa sijaielekeza PubMed itafute wapi, ikatafuta katika sehemu zote za rekodi, ikiwemo anwani ya kazi ya mwandishi, na kwa kuwa memorial huanza na herufi zilezile, kila mtafiti wa hospitali ya namna hiyo aligeuka kuwa mtafiti wa kumbukumbu. (Kiswahili kingetufikisha palepale, maana kumbukumbu kwetu ni uwezo wa akili, ni nyaraka za kikao, na ni hospitali iliyojengwa kumuenzi marehemu.)

Dawa yake ni kutaja sehemu ya kutafuta. Nikiandika memor*[tiab], utafutaji unabaki katika kichwa cha makala, ikisiri na maneno muhimu ya mwandishi. Nimeanza kuweka alama hiyo kwa kila neno, jambo linaloufanya mstari uonekane kama maandishi ya fundi umeme, lakini saratani zimeondoka.

Jambo jingine la PubMed ambalo ningependa kulijua mapema: neno lisilo na alama yoyote huwa halitafutwi lilivyo, bali hutafsiriwa kwanza, likaongezewa visawe na vichwa vya mada, na tafsiri hiyo inaweza kuonekana katika ukurasa wa utafutaji wa kina, chini ya historia. Kinyota huzima tafsiri hiyo. Kwa hiyo nilipoongeza kinyota nilipata kitu na kupoteza kitu bila kuambiwa. Alama: 4 kati ya 6.

Siku ya 8

Siku iliyobadilisha mradi. Ile makala ya tano iliyokuwa ikinikwepa nimeifungua rekodi yake na kuisoma hadi mwisho badala ya kuishia kwenye ikisiri. Chini kabisa kuna orodha ya istilahi ambazo mwandishi hakuziandika yeye: ni vichwa vya mada vya MeSH, msamiati unaodhibitiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ulioanza kutumika mwaka 1960 na ambao hupitiwa upya kila mwaka. Mwandishi wa makala ile aliwaita wahusika wake kwa neno la darasa lao, bila kutaja ujana hata mara moja, lakini rekodi yake ilikuwa imebandikwa kichwa cha Adolescent, ambacho katika MeSH humaanisha mtu wa miaka 13 hadi 18.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya msamiati huo. Waandishi kumi wanaweza kukiita kitu kimoja kwa majina kumi, na mtafutaji hawezi kuyabashiri yote, kwa hiyo rekodi zao hubandikwa kichwa kimoja, nawe unatafuta kichwa hicho. Aidha, vichwa vimepangwa kama mti, kutoka kwa jumla kwenda kwa mahususi, na ukitafuta kichwa cha juu PubMed huchukua na matawi yaliyo chini yake isipokuwa ukiikataza.

Nilitaka mara moja kuachana na maneno yangu na kubaki na vichwa tu. Mkutubi alinizuia, na alikuwa sahihi: si kila rekodi ya PubMed iko katika MEDLINE, ile sehemu yake ambayo makala hubandikwa vichwa, na zisizokuwamo hazina vichwa vya MeSH, kwa hiyo anayetafuta kwa vichwa pekee huziacha zote nje. Njia ni kuviweka vyote viwili katika dhana moja, kichwa cha mada na maneno huru, vikiunganishwa kwa OR. Mstari wangu sasa unajaza aya nzima. Alama: 5 kati ya 6.

Siku ya 9

Kifupi. Nilitumia NOT kuwafukuza panya, na makala mbili nzuri zilizolinganisha panya na binadamu zikafukuzwa pamoja nao. NOT haiulizi makala inahusu nini hasa. Inatupa kila rekodi yenye neno lililokatazwa. Nimeiondoa.

Siku ya 12

Siku tatu nimefanya kazi katika hifadhidata ya kulipia ya saikolojia, na siku tatu zote nilikuwa nikijivunia matokeo machache yenye kusomeka. Leo mchana nikagundua kwamba pembeni, chini ya orodha ya miaka, kulikuwa na kisanduku kidogo kimetiwa alama: matini kamili tu. Sijui kama nilikibonyeza mimi siku ya kwanza au kilikuja hivyo. Vyovyote iwavyo, nilichokuwa nikikiita matokeo ya utafutaji kilikuwa ni sehemu tu ambayo hifadhidata hiyo inayo nakala yake ndani, wakati makala ambayo nakala yake iko kwa mchapishaji mwingine, na ambayo maktaba yangu huenda inailipia kwa njia tofauti, ilikuwa imefichwa. Nilikiondoa, na orodha ikaongezeka zaidi ya maradufu.

Kanuni niliyojiwekea: vichujio vya mwaka, lugha na aina ya makala huwekwa mwishoni, kimoja kimoja, huku nikitazama idadi inavyoshuka. Kichujio cha matini kamili hakiwekwi kabisa. Kichujio cha majarida yaliyopitiwa na wataalamu ninakitumia kwa tahadhari, kwa kuwa mara nyingi huelezea jarida zima na si makala yenyewe. Tahariri na barua za wasomaji hupita pia.

Siku ya 13

Kila hifadhidata ina lahaja yake. Ili maneno mawili yakaribiane bila kushikana, tuseme yasiachane kwa zaidi ya maneno matatu, Web of Science hutaka NEAR/3, Scopus hutaka W/3, na EBSCO hutaka N3, zote zikiwa za kulipia. PubMed ilipata uwezo huo mwaka 2022 tu, kwa maandishi yasiyofanana na ya yeyote kati yao. Nimetengeneza ukurasa wa tafsiri na kuubandika ukutani.

Siku ya 15

Makala ya sita. Siku mbili nzima nimekuwa nikiongeza visawe katika PubMed ili niinase: muda wa kitandani, kujifunza msamiati, kukesha, alama za mtihani. Kila nilipoongeza, takataka ziliongezeka, na makala haikuja. Leo asubuhi, kwa kuchoka, nikavunja sharti la mkutubi nikaitafuta kwa jina lake kamili. Haimo. Jarida lililoichapisha ni la elimu na halijaingizwa katika PubMed. Nilikuwa nikimwita mtu kwa majina yake yote katika nyumba asimoishi.

Niliipata ndani ya dakika chache katika ERIC, hifadhidata ya elimu ya serikali ya Marekani iliyoanza katika miaka ya 1960 na iliyo huru kwa kila mtu. ERIC nayo ina msamiati wake unaodhibitiwa, tofauti na MeSH, na namba za rekodi zake zinakuambia unashika nini: zinazoanza na EJ ni makala za majarida, zinazoanza na ED ni ripoti na nyaraka nyingine. Hizo za ED sikuwa nimezifikiria kabisa, na mbili kati yake zimeingia kwenye orodha yangu ya kusoma.

Naandika kosa hili kwa urefu kwa sababu nililirudia kwa siku mbili nikiwa na uhakika kwamba tatizo ni maneno. Kabla ya kurekebisha mstari, inabidi kwanza kujua kama kinachotafutwa kimo. Alama: 6 kati ya 6, lakini kwa hifadhidata mbili.

Siku ya 17

Nimeacha maneno kwa siku moja, nimefuata marejeleo. Kwenda nyuma ni rahisi: unasoma orodha ya marejeleo ya makala nzuri. Kwenda mbele, yaani kuona ni nani waliorejelea makala hiyo baada ya kuchapishwa, kulikuwa hakuwezekani kwa urahisi hadi Eugene Garfield alipopendekeza faharasa ya marejeleo mwaka 1955 na kuchapisha Science Citation Index mwaka 1964, ambayo ndiyo mzizi wa Web of Science ya leo. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hutoa huduma hiyo bure chini ya kila tokeo.

Kutoka kwenye makala yangu ya tatu nilikwenda mbele na kupata makala nne ambazo mstari wangu haukuzinasa. Nilipochunguza kwa nini, tatu zilitumia istilahi moja ambayo sikuwahi kuifikiria, inayohusu kuganda kwa kumbukumbu akilini wakati wa usingizi: «memory consolidation». Nimeiongeza. Kwa hiyo marejeleo hayakunipa makala tu, yamenipa maneno. Google Scholar yenyewe siitumii kama msingi wa utafutaji, kwa kuwa haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 ya utafutaji wowote na haina vichwa vya mada vya kushikilia, lakini kwa kufuata nyayo za marejeleo sijaona kilicho chepesi zaidi.

Siku ya 19

Suala la kupata nakala. Nikiingia moja kwa moja kwenye tovuti ya mchapishaji naombwa nilipe. Nikipitia ukurasa wa maktaba na nenosiri langu, makala ileile inafunguka. Kwa hiyo naanzia maktaba kila mara, hata nikiwa nyumbani. Kwa zile ambazo maktaba haina, nimefuata mpangilio huu: natafuta nakala ya ufikiaji huria, ikiwemo ile ambayo mwandishi ameiweka katika hazina ya chuo chake, nikikosa, naomba kupitia huduma ya kuazimana kati ya maktaba, nikikosa tena, namwandikia mwandishi barua pepe fupi. Nimeandika barua tatu. Mmoja alijibu siku hiyohiyo, akaambatisha na makala nyingine ambayo sikuiomba.

Siku ya 22

Nimehamishia kila kitu Zotero, programu huria ya kuhifadhi na kupanga marejeleo iliyotolewa mwaka 2006, kwa kupakua faili za RIS, muundo wa taarifa za marejeleo ambao programu za namna hii huusoma, kutoka kila hifadhidata. Makala moja iliingia mara tatu, ikiwa na tahajia tatu za jina la mwandishi mmoja. Programu hutambua nakala zinazofanana, ila nimezoea kuthibitisha kwa DOI, ile namba inayoanza na 10 na kufuatiwa na nukta, ambayo hubaki ileile hata tovuti ya jarida ikihama.

Nikiwa katika usafi huo, Zotero iliweka onyo jekundu juu ya makala moja: imeondolewa na jarida lake. Nilikuwa nimeshaichotea nukuu. Nilijua kwa nadharia kwamba jambo hilo hutokea, maana mfano unaotajwa kila mara ni makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ambayo jarida liliiondoa rasmi mwaka 2010 na ambayo bado inarejelewa. Lakini ile nakala niliyokuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta haikuwa na onyo lolote, kwa sababu niliipakua kabla haijaondolewa. Sasa kila makala nitakayoitumia naifungua upya rekodi yake katika hifadhidata kabla ya kuiandikia chochote.

Siku ya 26

Kazi ya kuchosha iliyobaki ni kuandika kumbukumbu za utafutaji wenyewe. Jedwali langu lina safu hizi: tarehe, jina la hifadhidata, mstari kamili kama ulivyoandikwa, vichujio, idadi ya matokeo. Mwongozo wa PRISMA, uliotoka mwaka 2009 na kusasishwa kama PRISMA 2020, unawadai waandishi wa mapitio ya utafiti waonyeshe mambo ya namna hii, nami mwanzoni niliona ni urasimu. Jana nilijaribu kurudia utafutaji wa siku ya 5 ambao sikuuandika vizuri, nikashindwa kupata idadi ileile, na hadi sasa sijui ni neno gani lililokuwamo.

Jedwali hilo limenionyesha pia jambo ambalo majaribio ya Cyril Cleverdon huko Cranfield, Uingereza, yaliliweka wazi katika miaka ya 1960: ukipanua wavu ili usikose kitu, unavuta na takataka nyingi zaidi, ukiubana ili upate safi, unapoteza. Mstari wangu wa mwisho katika PubMed unarudisha rekodi nyingi ambazo nazikataa kwa kusoma kichwa tu. Nilijaribu kuubana kwa kuondoa neno «recall», na makala ya pili kati ya zile sita ikatoweka palepale. Nimelirudisha. Kusoma vichwa mia kadhaa vya ziada ni saa mbili za kazi, nami nimeamua kuzilipa.

Siku ya 29

Utafutaji wa PubMed na wa ERIC nimeuhifadhi katika akaunti zangu, na wa PubMed nimeuomba uniletee barua pepe kila wiki kukiwa na rekodi mpya. Ya kwanza ilifika leo ikiwa na makala mbili: moja inahusu madereva wa zamu za usiku, na sielewi imepitaje katika dhana ya vijana, nyingine inajibu swali langu karibu neno kwa neno. Nimeiongeza kwenye karatasi ile ya majaribio kama ya saba.

Kesho ni Web of Science. Mstari hautahama kama ulivyo: vichwa vya MeSH vinatoka, [tiab] inatoka na nafasi yake inachukuliwa na TS= mwanzoni mwa kila dhana, na mabano nitayahesabu kwa kidole kabla ya kubonyeza. Makala ya saba nitaitafuta kwanza kwa jina, nijue kama imo.